Hakuniuliza Nilikuwa Wapi

Mwanangu Zuhura,

Umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako, na ninavyowajua watakung'ang'ania mpaka ule chakula chao cha jioni, kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa kwenye meza ya kukatia vitambaa, mkasi nimeusogeza pembeni. Kila nikitaka kuzungumza nawe jambo hili unaniambia, "Yaishe, mama." Haya, karatasi haiambiwi yaishe. Ukitaka uikunje bila kuisoma, ni hiari yako, ila mimi ndiye niliyekuzaa na udadisi wako naujua. Hutalala usiku huu kabla hujaifungua.

Habari za chandarua, za kufuli la sanduku na za kutonunua vyakula dirishani baba yako ameshazisema, na kesho stendi atazirudia mbele za watu mpaka uone aibu. Mvumilie. Ndivyo anavyolia yeye.

Langu ni moja. Unakwenda Dodoma kusomea ualimu huku umeapa hutasema tena habari ya mtu yeyote anayeonewa, awe wa karibu au wa mbali. Ulilisema hilo ukiwa umesimama hapa dukani, ukanikabidhi simu aliyokupa mjomba wako, ukachukua ile ndogo ya tochi. Baba yako alifurahi, akasema sasa umekua. Mimi sikufurahi, mwanangu. Niliumia, na bado naumia, kwa sababu najua nani alikufunga mdomo. Utasema ni Elia. Elia alianza, lakini mimi ndiye niliyemalizia.

Nianze mwanzo, maana kila mtu mjini hapa anasimulia kivyake.

Ulipoweka mtandaoni zile habari za Waislamu wa Burma wanaochomewa nyumba, mimi nilijivunia. Sikukwambia, kwa sababu sisi hatusifu watoto usoni. Uliandika: "Dunia iko kimya. Wewe unayesoma hapa, umesema nini?" Ulinisomea kwa sauti. Nikajisemea, huyu kweli atakuwa mwalimu, anajua kuuliza.

Halafu Elia wa Mwalimu Bukuru, jirani yetu, mtoto aliyekula ugali wangu tangu hajaota meno, akakurudishia swali lako mwenyewe. "Na wewe ulisema nini Wakristo wa Kongo walipochinjwa? Si ndio hao wanaonunua vitenge kwa mama yako kila wiki? Au machozi yako yana dini?" Watu wakashangilia. Nawe hukuwa nyuma, ukamjibu kwamba hata yeye hao Wakongo hakuwahi kuwataja mpaka siku aliyotaka kukusuta. Nyani haoni kundule, uliandika. Kufika jioni mlikuwa watu wengi mnapigana, wengine hata siwajui, wa Mwanza, wa Dar es Salaam, kila mmoja amebeba wafu wake anawapima na wafu wa mwenzake kama tunavyopima viazi sokoni. Akatokea mmoja akaandika kwamba duka letu lisusiwe.

Akina mama wa kwaya, waliokuwa wamekwisha kuchagua kitenge chao cha sare, kile chenye maua ya zambarau, hawakuja kukichukua. Baba yako alikaa na lile jora mezani, analikunjua na kulikunja. Hakusema kitu kwako. Kwangu alisema: "Mwanao katuchomea duka kwa kidole gumba."

Nikaogopa, Zuhura. Mimi ni binti wa kijijini Titye, mama yangu bado anashika rozari, nikaolewa na Mwislamu mwenye asili ya Ujiji, na miaka yote hii nimeishi mji huu kwa kuwa na ndugu pande zote mbili. Sikuwahi kuambiwa nichague. Nikaona sasa naambiwa. Na mtu akiogopa hushika chochote kilicho karibu. Mimi nilimshika Furaha, mteja wetu Mkongo.

Unakumbuka. Siku yake ya kuja mjini ilipofika, akaja na kibali chake cha kutoka kambini kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaja kuchagua vitenge vya kwenda kuuza Nyarugusu. Nikamkalisha kwenye kiti cha baba yako, kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Nikamwekea chai ya maziwa na mandazi. Hilo nalo sikuwahi. Yeye si mjinga, aliishika ile chai kama mtu anayengoja kuambiwa bei yake.

Nikamwambia, "Furaha, mdogo wangu, tusaidie. Wewe ndiye wanayekutaja huko kwenye simu. Hebu simama hapa na Zuhura mpigwe picha, uandike maneno mawili kwamba nyumba hii haibagui, wanyamaze."

Wewe ulikuwa tayari, simu mkononi. Hukuwa na kosa, nilikuwa nimekupanga mimi.

Akaiweka chai chini. Akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha Kongo ambacho wafu ni bafu, na sijasahau hata neno: "Mama Zuhura, mi nakuya hapa miaka yote hii. Leo ndiyo munanipatia kiti? Ule kijana amebeba bafu betu anakupiga nabo. Na weye unataka kubabeba ujikingie. Bale bafu si fimbo, Mama. Na si ngao."

Akaondoka bila kitenge hata kimoja. Mandazi hakuyagusa. Jioni hiyo ukafuta kila ulichokuwa umeandika, ukanipa simu.

Baada ya hapo nilipata siku mbaya. Nilikuwa nauza huku sioni ninachouza, nikamkatia mtu kitambaa cha shuka nusu ya alichotaka. Nilijitetea kichwani mchana kutwa. Nilimwambia Furaha wa kichwani mwangu: mbona nimekuchagulia rangi nzuri siku zote, mbona nilikuuliza habari za mtoto wako alipougua? Nilimwambia Elia wa kichwani mwangu: kwani mtu akimlilia mmoja ni lazima awe na hati ya kuonyesha kwamba aliwalilia wote? Kuhusu hili la pili bado nasimama. Hakuna mwanadamu mwenye machozi ya kutosha dunia nzima. Tukingoja mpaka atokee aliyewalilia wote sawasawa ndipo aruhusiwe kusema, waonevu watakaa raha mustarehe.

Lakini kujitetea hakukunipa usingizi. Kilichonisaidia ni kitu cha zamani, cha bibi yako wa Titye. Nadhani sijawahi kukusimulia.

Wewe umekulia mjini, huijui induru. Kwetu mtu akipatwa, akiingiliwa na mwizi au moto ukishika nyasi za paa, anapiga ukelele ule mrefu, na huo ndio tunaouita induru. Sheria yake ni moja, na watoto huifahamu kabla ya kufahamu kuhesabu: ukiisikia, kwanza unaitika. Kabla ya jembe, kabla ya panga, kabla hujajua ni nani, unaitika kwa sauti ulipo, ili aliyepatwa ajue kwamba imesikika. Halafu ndipo unakimbia. Asiyeitika hutozwa pombe na wazee, na siku yake ikifika ataita peke yake.

Nilikuwa msichana wa kuchota maji. Ilikuwa kiangazi, upepo unakausha mpaka midomo, na induru zikapigwa mbili jioni moja. Ya kwanza ilitoka kwa baba yangu mdogo, upande wetu wa mlima. Ya pili ilitoka ng'ambo ya bonde, kwa Yohana. Yohana alikuwa Mrundi aliyekuja na mkewe kulima vibarua, akapewa kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyekitaka. Tukakimbia wote kwa baba mdogo. Wote, Zuhura, kijiji kizima, na ndoo na matawi mabichi. Kilichokuwa kinaungua ni jiko, kibanda cha kupikia. Tulikizima watu tukisukumana, wengine hata hawakupata pa kumwagia maji. Na tulipogeuka tukaona ng'ambo mwanga mkubwa, ule wa nyumba.

Hakuna aliyetuambia tusiende. Hatukuwa na chuki na Yohana. Miguu yetu ilijua njia moja tu.

Asubuhi bibi yako akafunga mzigo wa nyasi za kuezekea, akanitwisha na mimi wangu mdogo, tukashuka bondeni. Njiani tukakutana na wanaume wanarudi kutoka kwa baba mdogo. Mmoja akamwambia, "Unakwenda kufanya nini huko sasa? Unakwenda kukiri kwa niaba yetu?" Bibi yako akampita na mzigo wake, na unajua mdomo ule si wa kukosa jibu.

Tulimkuta Yohana amekaa kwenye jiwe, mkewe anachambua majivu kwa fimbo. Akatuangalia na mizigo yetu. Akauliza swali moja tu: "Jana mlisikia?"

Mimi nilikuwa na jibu tayari. Nilitaka kusema tulikuwa kwa baba mdogo, kulikuwa na moto, na maji yalikuwa kidogo. Yote yalikuwa kweli. Bibi yako akasema, "Tulisikia." Basi. Akatua nyasi, akavua kanga ya juu akaifunga kiunoni, akaanza kumsaidia yule mama kuchambua majivu. Yohana alitutazama kutoka kwenye jiwe lake. Kisha akainuka.

Wakati wa kurudi nikamuuliza, "Mama, mbona hukumwambia tulikuwa kwa baba mdogo?"

Akasema, "Hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliniuliza kama nilisikia."

Baadaye wale wanaume nao walikwenda, mmoja mmoja, na fito. Nyumba ya pili ya Yohana ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, na mtoto aliyezaliwa humo aliitwa jina la bibi yako. Lakini hayo ya mwisho nayasema kwa kujidai tu, maana ni mama yangu.

Nilipolikumbuka hilo, nikaona uchafu wetu uko wapi, wangu na wako. Elia aliuliza kwa nia mbaya. Alitaka unyamaze, hakutaka Wakongo wasikike. Hilo nakubaliana na wewe mpaka kesho. Lakini swali kuulizwa kwa nia mbaya hakulifanyi kuwa la uongo. Mtu anaweza kukutupia jiwe, na jiwe likaanguka mahali ulipopaswa kuchimba. Sisi tulibaki tunagombana na mkono uliolitupa.

Na mimi nilikuwa nimesikia, mwanangu. Hapa ndipo panaponichoma. Mwaka juzi, Furaha alikuja siku moja akawa hachagui kitu, anashika vitenge anaviacha. Nikamtania, nikamwambia leo bikwembe vyangu havikupendezi? Yeye ndivyo anavyoviita vitenge. Akasema, "Leo ni siku ya maman yangu, ile alikufa." Akanitazama. Alikuwa anangoja, Zuhura. Ilikuwa induru, ila ya sauti ya chini, ya mtu aliyemo dukani mwa watu. Mimi nikasema, "Pole," nikamshushia kitenge cha njano, nikamwambia hiki kimefika jana.

Kwa hiyo nilikwenda Makere. Ulidhani nimekwenda kufuata mzigo. Nilimkuta sokoni, nje kidogo ya kambi, ametandika turubai lake ana sabuni na chumvi, kwa kuwa vitenge hakuwa navyo. Sikubeba kitu. Nilifikiri kubeba, nikajizuia, ingekuwa ile chai ya maziwa mara ya pili. Nilichuchumaa mbele ya sabuni kama mnunuzi, nikasema: "Siku ile uliposema ni siku ya mama yako, nilisikia. Nikakuonyesha kitenge."

Akapanga sabuni zake upya. Mteja akaja akauliza chumvi, akahudumiwa, akaondoka. Mimi miguu ilikuwa imekufa ganzi, na nakwambia kweli nilikuwa na maneno mengi ya kujisafisha yamejaa kinywani kama uji wa moto. Nikayameza. Hatimaye akavuta kindoo, akakigeuza, akanipa nikae.

Mama yake aliitwa Sifa. Hilo ameniruhusu nikuandikie. Mengine aliyoniambia siyaandiki, ni yake, siku akitaka kukupa atakupa mwenyewe. Nilikaa mpaka jua lilipohamia upande wa pili wa turubai. Nililia, naye alilia kidogo, kisha tukacheka kwa sababu kuna mbuzi alikula sabuni.

Nilipokuwa naaga, nikamwambia kwamba wewe umeapa kunyamaza. Nilidhani atasema vizuri, mtoto amejifunza. Akakunja uso. Akasema: "Apana, Mama. Ule mutoto asifunge kinywa. Wakati tulikuwa mu pori tunakimbia, tulikuwa tunaomba mutu moya tu, hata wa mbali, aseme bale batu bako. Moya tu. Hatungemuuliza alisemea nani kabla yetu." Halafu akaongeza, kidole juu, "Lakini siku akitaka kusema juu yetu, aniulize mimi kwanza."

Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi na bado. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Sisi tulitaka kuanza na kumaliza, tena kwa picha. Lakini yeye mfiwa ndiye anayesema wa mbali aingie. Ndiye anayesema mtu wa Burma, aliyemo porini usiku huu, hajali kama msichana wa Kasulu aliwahi kumsahau mwingine. Anataka aitikiwe.

Elia nilimpata wiki iliyofuata, amekuja kununua uzi wa mama yake, anajifanya anaangalia dari. "Shikamoo, Mama Zuhura. Huyo mwenzangu bado kanuna?" Nikamwambia marahaba, amenuna na ana haki. Nikamuuliza, "Yule Mkongo uliyemtaja anaitwa nani?"

Akakodoa macho. "Yupi?"

"Yule anayenunua vitenge kwangu kila wiki. Uliyemsemea."

Hakujua. Alikuwa amempigania mji mzima na hakujua hata jina. Masikio yakamwiva, nikaona huruma kumcheka, lakini nilicheka. Usifurahi sana, mwanangu. Sisi jina lake tulilijua, la mama yake hatukulijua. Nikamweleza mahali Furaha anapouzia, Makere. Kama alikwenda sijui, sikumfuatilia, ila mama yake anasema siku moja alirudi na sabuni ambazo hakutumwa.

Halafu huyohuyo Elia anapanda basi lako kesho, anakwenda Dodoma hiyohiyo, na mama yake ameniomba mkae viti vya karibu. Nimekubali. Usinikasirikie. Safari ni ndefu, na kununa kutoka Kasulu mpaka Dodoma kunahitaji kifua ambacho huna. Akiomba radhi, sikiliza. Asipoomba, mpe karanga.

Akina mama wa kwaya walikuja juzi kuchukua zambarau lao. Hakuna aliyesema kitu kuhusu yaliyopita, walilalamikia bei tu kama kawaida yao, na baba yako alifurahi mpaka akawaongezea kipande. Mji huu haujui kuomba radhi, unajua kurudi.

Zuhura, sijui huko utakutana na nini. Utasema tena habari ya watu fulani, kwa sababu moyo wako ndivyo ulivyoumbwa, na atatokea mtu wa kukuuliza mbona hukusema ya wengine. Wapo watakaouliza ili unyamaze. Wapo watakaouliza kwa sababu wao ndio hao wengine. Kwa maandishi utashindwa kuwatofautisha, mimi mwenyewe nimeshindwa na nina miaka hii. Sasa mimi nimeamua kutowachambua. Akiniuliza kama nilisikia, na nilisikia, nitasema nilisikia. Kisha nitafute majani ya kuezekea. Na huku nikitafuta, wale wa kwanza sitawaachia mkono, maana kumwacha mtu wa Burma hakumsaidii Furaha. Alinikatalia yeye mwenyewe.

Nawasikia mbwa wa jirani wanabweka, huenda ni wewe unarudi, kwa hiyo nafunga. Dua zangu unazo, na za bibi yako za rozari unazo, Mungu atajua azipange vipi. Kesho stendi sitasema mengi. Ukiniona nimemkazania macho dereva ujue sitaki kukutazama wewe.

Furaha atakuwepo. Ameombea kibali makusudi, atakuja asubuhi na mapema kukuaga. Usimweleze chochote, wala usimwombe picha. Muulize habari ya Sifa, halafu nyamaza.

Na ukifika, ukifungua sanduku, chini kabisa, chini ya unga wa muhogo, utakuta kanga ya bibi yako imefungwa fundo. Ndani yake kuna simu yako, ile kubwa. Namba ya Furaha nimeiingiza mwenyewe, imenitoa jasho. Simu ina chaji.

Ni mimi mama yako, ninayeitika kabla ya kutafuta viatu.